Laptopu nafuu ya kuchezea The Sims 4: nunua inayotosha mji wa baada ya miaka miwili

Mdogo wangu alinipigia simu akiwa amesimama mbele ya laptopu mbili zilizotumika. "Dada, hii moja imeandikwa i7, na bei yake haipishani sana na ya i5 iliyo pembeni. Si nichukue i7?" Nikamwomba afungue mipangilio ya Windows, aende sehemu ya mfumo, anisomee jina lote la prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, bila kuruka herufi wala namba. Ile i7 ilikuwa i7-4600U. Ile i5 ilikuwa i5-8250U. Nikamwambia achukue i5. Akanyamaza kidogo. Nadhani aliona namnyima kitu kizuri.

Ukweli ni kwamba ile i7 ya mwaka 2013 ina viini viwili tu, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja, na ile i5 ya mwaka 2017 ina vinne. Kwa mchezo aliokuwa anautaka, The Sims 4, ule wa kuunda watu na kuendesha maisha yao, tofauti hiyo ni kubwa kuliko herufi na namba ya kung'aa iliyobandikwa karibu na kibodi.

Mimi nimeucheza mchezo huu tangu mwaka ulipotoka, 2014, na nimepitia laptopu tatu. Ya kwanza niliijutia. Ya pili ilikuwa kuukuu, nikaifufua. Ya tatu ndiyo ninayoitumia mpaka leo. Hakuna hata moja kati yake iliyokuwa mashine ya bei kubwa ya wacheza gemu, yenye taa za rangi na feni mbili. Mchezo huu hauhitaji mashine ya namna hiyo. Unachohitaji ni mnunuzi anayejua fedha yake iende wapi, kwa sababu hauilemei mashine siku ya kwanza. Unailemea polepole, kadiri mji wako unavyokua.

Mji hukua, na mahitaji nayo

Siku ya kwanza unaunda mtu mmoja. Unampa kitanda, jiko na choo, unamtafutia kazi, basi. Laptopu nyingi zitauendesha mchezo vizuri hapo, na ukimwomba muuzaji akuonyeshe mchezo ndivyo utakavyouona: nyumba ndogo, mtu mmoja, mambo shwari. Shida haionekani dukani.

Kaya moja katika The Sims 4 inabeba hadi watu 8. Kila mmoja ana mahitaji sita ambayo mchezo unayahesabu muda wote: njaa, usingizi, usafi, kibofu, burudani na kuwa na watu. Juu ya hayo kuna hisia, tabia, kazi, na uhusiano wake na kila aliyewahi kusalimiana naye. Majirani nao wanaishi. Ukoo wangu mkuu sasa uko kizazi cha tisa. Bibi mwanzilishi alifariki zamani, jiwe lake la kaburi liko uani chini ya mti, na usiku mzuka wake hutoka akazungukia bustani aliyoipanda mwenyewe. Nampenda bibi huyo. Lakini kila mtukuu aliyemwacha ni hesabu nyingine kwa prosesa, na kila pakeji ya nyongeza niliyoweka, kila nguo na kochi nililopakua, ni mzigo mwingine kwa RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na kwa diski.

Hata masharti rasmi ya mchezo yanaonyesha hivyo. Ulipotoka mwaka 2014 ulikubali kompyuta yenye RAM ya GB 2. Leo kima cha chini ni GB 4, na kinachopendekezwa ni GB 8. Mchezo ni uleule, ila umekua. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: usinunue laptopu inayotosha mji wa leo. Nunua inayotosha mji utakaokuwa nao baada ya miaka miwili, au angalau inayokubali kuongezwa utakapofika huko.

Anza na kompyuta uliyonayo

Tangu tarehe 18 Oktoba 2022 mchezo wa msingi hutolewa bure. Unachonunua ni pakeji za nyongeza. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata senti, upakue kwenye kompyuta yoyote iliyo karibu, hata ya ndugu au rafiki, ucheze jioni mbili tatu. Usicheze kwa kustarehe tu. Tazama unakwamia wapi, maana kukwama kuna sura nne tofauti na kila moja ina dawa yake. Watu wengi hununua kadi ya michoro kutibu ugonjwa wa diski.

Zungusha kamera haraka juu ya nyumba. Picha ikikatakata, yaani kamera inaruka badala ya kuteleza, tatizo liko kwenye michoro. Hilo ndilo rahisi kuliko yote, kwa sababu unaweza kupunguza ubora wa picha na mchezo ukaendelea.

Sasa acha kamera, tazama watu. Kama kamera inateleza vizuri lakini watu wamesimama wakitazamana, umemwagiza mmoja apike naye anakaa muda mrefu kabla ya kunyanyua mguu, au saa ya mchezo inasita kisha inaruka, hapo prosesa ndiyo imezidiwa, au una modi, yaani faili ya nyongeza iliyotengenezwa na wachezaji, iliyopitwa na wakati. Bonyeza namba 3 kwenye kibodi, kasi ya juu kabisa ya mchezo. Ikiwa saa haikimbii kuliko ilivyokuwa kwenye 2, umepata jibu lako. Kwa wachezaji wa koo ndefu hili ndilo linaloumiza zaidi, na kupunguza ubora wa picha hakulitibu.

Sura ya tatu ni kusubiri. The Sims 4 haina mji ulio wazi wote. Kila unapotoka nyumbani kwenda maktaba au kwa jirani, pazia la kupakia linashuka. Pazia likikaa muda mrefu, ulaumu diski kwanza.

Ya nne huja kimyakimya. Mchezo unaanza vizuri, na baada ya saa moja au mbili unakuwa mzito, unaganda, mwisho unajifunga wenyewe. Mara nyingi hiyo ni RAM iliyojaa. Fungua Task Manager kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame kumbukumbu imefika asilimia ngapi huku mchezo ukiendelea.

Andika ulichokiona kwenye karatasi. Utakiamini zaidi kuliko utakachoambiwa na muuzaji.

Kusoma jina la prosesa

Hapa ndipo watu wengi hupotezea fedha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jina kama "Core i5" peke yake halikuambii kitu. Ni kama kuambiwa mtu ni mtoto wa pili bila kuambiwa wa familia ipi. Namba zinazofuata ndizo zenye habari. Kwa Intel, tarakimu ya mwanzo, au mbili za mwanzo, hutaja kizazi: i5-7200U ni kizazi cha 7, i5-8250U ni cha 8, i5-1135G7 ni cha 11, i5-1235U ni cha 12. Mpaka unaonihusu mimi uko kati ya 7 na 8. Katika laptopu nyembamba za kawaida, zile zenye herufi U mwishoni, i5 ya kizazi cha 7 ilikuwa na viini viwili. Ya kizazi cha 8 ikaja na vinne. Hatua hiyo moja ndiyo inayoifanya laptopu ya mwaka 2018 iweze kubeba kaya ya watu 8 wakati ya mwaka 2016 inahema.

Kuna sababu ya pili ya kutoshuka chini ya kizazi cha 8. Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na za AMD za laptopu kuanzia familia ya Ryzen 3000. Laptopu ya chini ya hapo unaweza kuitia Windows 11 kwa mbinu za pembeni, lakini utakuwa umejinunulia kazi ya kudumu.

Upande wa AMD napenda sana Ryzen 5 3500U kwa mwenye bajeti ndogo na Ryzen 5 5500U kwa mwenye nafasi kidogo. Zote mbili zina michoro ya ndani ya Vega, yaani sehemu ya kuchora picha iliyo ndani ya prosesa yenyewe, ambayo inauendesha mchezo huu bila kadi ya pembeni. Ila uwe macho na majina ya familia ya 7000. Ryzen 5 7520U na Ryzen 5 7530U zinatofautiana tarakimu moja tu, na mtu atadhani ni ndugu. Sivyo. Katika familia hiyo tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja umri wa muundo wa ndani: 7520U ina muundo wa zamani, viini vinne na michoro dhaifu ya Radeon 610M, 7530U ina muundo mpya zaidi, viini sita na michoro ya Vega. Nimeona tangazo moja likiziandika zote "Ryzen 5 7000" bila namba kamili. Muuzaji asipokupa namba kamili, usimpe fedha mpaka akupe.

Celeron na Pentium zenye namba za N mbele, kama N4020, ziache kabisa kwa kazi hii. Laptopu yangu ya kwanza ilikuwa na Celeron. Ilikuwa mpya, nyembamba, inang'aa, na niliichagua kwa sababu ya upya wake. Mtu mmoja nyumbani, sawa. Nikamwozesha, sawa. Walipozaa mapacha, saa ya mchezo ikaanza kusita. Kompyuta iliyotumika ya kizazi cha 8 ingenifaa mara nyingi zaidi, na leo sioni aibu kumshauri mtu achukue iliyotumika badala ya mpya dhaifu.

RAM: idadi ya vijiti ina maana

Lenga GB 16. Kama fedha hairuhusu leo, nunua yenye GB 8 ambayo ina nafasi ya kuongeza. Swali la kumuuliza muuzaji si "ina RAM ngapi" peke yake. Muulize pia: "Imechomelewa kwenye ubao au inatoka? Na kuna sloti iliyo wazi?" Ile laptopu yangu ya kwanza ilikuwa na GB 4 zilizochomelewa. Siku nilipotaka kuongeza, fundi aliifungua, akanionyesha ubao, akaifunga tena. Hapakuwa na la kufanya.

Laptopu ya tatu ndiyo iliyonifundisha jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa mtu yeyote. Ni i5-1135G7, na prosesa hiyo inasifiwa kwa michoro yake ya ndani iitwayo Iris Xe. Nilipoifungua nyumbani, Task Manager ikaniandikia "Intel UHD Graphics", si Iris Xe. Nikadhani nimetapeliwa. Nikarudi kwenye namba ya prosesa, ilikuwa ileile. Kumbe michoro hiyo hutaka RAM inayosoma kwa njia mbili kwa pamoja ndipo iitwe Iris Xe na ifanye kazi kwa nguvu zake zote. Mashine yangu ilikuwa na kijiti kimoja cha GB 8. Nikanunua kijiti kingine cha GB 8 cha kasi ileile, fundi akakipachika kwa dakika kumi. Nilipowasha, jina lilikuwa limebadilika kuwa Iris Xe, na kamera iliyokuwa inakatakata juu ya nyumba kubwa ikawa inateleza.

Sababu ni kwamba michoro ya ndani haina kumbukumbu yake. Inakopa RAM ya kompyuta. Njia ya kwenda kwenye RAM ikiwa nyembamba, picha husubiri foleni. Hii ni kweli kwa Vega za AMD pia. Kwa hiyo GB 8 za vijiti viwili vya 4 zaweza kukupa picha laini kuliko GB 8 za kijiti kimoja, na kijiti cha pili ndiyo dawa ya bei ndogo kuliko zote ninazozijua.

Diski

SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, bila mjadala. Laptopu yangu ya pili ilikuwa na diski ya kuzunguka, ile ya zamani. Kutoka nyumbani kwa ukoo wangu kwenda bustani ya jirani niliweza kunyanyuka, kuosha kikombe, na kurudi nikakuta pazia bado liko. Nilipoweka SSD ya kawaida ya SATA kwenye mashine ileile, bila kugusa kitu kingine, kikombe kikabaki mezani. Ukikuta laptopu nzuri yenye diski ya kuzunguka, usiikatae. Hesabu bei ya SSD juu yake kisha uamue.

Kuhusu ukubwa, masharti rasmi yanataka GB 26 wazi kwa kima cha chini, na zaidi ya 50 katika kiwango kinachopendekezwa. Ongeza Windows yenyewe, masasisho yake, picha zako, na vitu vya kupakua ambavyo havina kikomo kwa mpenzi wa mchezo huu. SSD ya GB 256 inatosha. Ya 512 inakupa amani. Ya GB 128 utaishi nayo kwa kufuta kila wiki.

Chukua tahadhari na kitu kiitwacho eMMC, hasa cha GB 64, katika laptopu mpya za bei ya chini. Muuzaji atakwambia "haina diski ya kuzunguka, ni kama SSD". Ni chipu iliyochomelewa, ina kasi ndogo kuliko SSD, na haibadilishwi. Windows na masasisho yake vikishakaa humo, mchezo unakosa hata pa kulala.

Je, kadi ya michoro ya pembeni?

Kwa The Sims 4 si lazima. Michoro ya ndani ya Iris Xe au Vega inatosha kwa ubora wa kati. Hata UHD 620 ya i5-8250U inacheza kwa ubora wa chini mpaka wa kati, hasa kwenye skrini ndogo. Ukipata yenye GeForce MX150, MX350 au GTX 1650 kwa bei isiyokuumiza, chukua, utaona maji na vivuli vizuri. Ila usikubali kushusha RAM au SSD ili kuipata.

Jambo moja hapa la kujilinda. Wauzaji husema "ina grafiksi ya GB 4" wakati mashine haina kadi yoyote. Hizo ni RAM za kukopa. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance, kisha GPU. Utaona mstari wa kumbukumbu ya kadi yenyewe na mstari wa kumbukumbu ya kushirikiana. Wa kwanza ndio wa kuamini. Ukiandika 128 MB, huna kadi ya GB 4.

Kioo, feni, kipanya

Kioo cha 1920 kwa 1080 kina karibu nukta mara mbili ya kile cha 1366 kwa 768. Kinapendeza, na kinaichosha michoro mara mbili vilevile. Kwa mashine yenye UHD 620, cha 768 kinaweza kukufaa zaidi, au ushushe ukubwa wa picha ndani ya mchezo.

Feni ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mchezo huu huchezwa kwa saa nyingi mfululizo, na prosesa ikipata joto hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Usiweke laptopu juu ya kitanda wala mto. Matundu ya hewa yako chini. Chomeka chaja unapocheza, kwani kwa betri peke yake mashine nyingi hujipunguzia nguvu.

Na nunua kipanya, hata cha bei ya chini kabisa. Kujenga nyumba kwa kidole kwenye padi ni kujitesa.

Unapokagua iliyotumika

Omba nusu saa na mashine, na chaja yake halisi. Anayekataa kukupa nusu saa amekujibu.

Wakati inawaka, soma jina kamili la prosesa na kiasi cha RAM katika mipangilio. Fungua Task Manager utazame kumbukumbu: inaandika vijiti vingapi vimejaza sloti ngapi. Itazame pia diski, imeandikwa SSD au HDD, ile ya kuzunguka. Kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport. Windows itaunda ukurasa unaotaja uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake sasa ikijaa. Betri iliyobaki na nusu si sababu ya kukataa kama utacheza ukiwa umechomeka, ila ni sababu ya kuomba bei ishuke.

Ipe kazi nzito kwa dakika ishirini. Kama hamna intaneti ya kupakua mchezo, fungua video kadhaa za ubora wa juu kwa pamoja. Sikiliza feni: mlio wa upepo ni sawa, mlio wa kukwaruza si sawa. Shika chini yake. Moto mkali mapema huwa ni vumbi au dawa ya joto iliyokauka juu ya prosesa, na fundi hulimaliza hilo kwa kazi ndogo. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Fungua na kufunga kioo mara kadhaa ukitazama bawaba. Bawaba iliyolegea leo inapasua kava kesho.

Kama una mpango wa kununua Chromebook, fahamu kwamba The Sims 4 haiji kwa mfumo wake. Hutengenezwa kwa Windows na Mac. Mac zenye chipu ya M1 na kuendelea zinauendesha vizuri na kwa utulivu, ila RAM yake haiongezwi baadaye, kwa hiyo kiasi utakachochagua siku ya kununua ndicho utakachokaa nacho.

Kama moyo wako uko kwenye mchezo mwingine

Ushauri wote huu ni wa The Sims 4. The Sims 3 ya mwaka 2009 ina mji ulio wazi wote na inaichosha prosesa, lakini kwenye Windows ni programu ya biti 32, haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 za RAM hata uwe nazo 32. Stardew Valley inacheza karibu kwenye chochote kinachowaka. inZOI, iliyoingia sokoni kwa majaribio Machi 2025, ni dunia nyingine: kima chake cha chini ni kadi ya RTX 2060 na RAM ya GB 12. Kama hiyo ndiyo unayoitamani, usinunue laptopu ninayoieleza hapa; weka akiba kwanza.

Ukishaileta nyumbani

Ondoa programu zisizotakiwa zinazojiwasha zenyewe. Ndani ya mchezo, kwenye mipangilio ya michoro, kuna kisanduku kilichoandikwa Laptop Mode. Kiweke tiki kama mashine ni dhaifu. Punguza kwanza vivuli na miakisi kwenye maji na vioo, acha ubora wa watu juu, kwa sababu sura za watu ndizo unazozitazama siku nzima.

Usihamishie modi zote za zamani siku ya kwanza. Cheza wiki moja bila modi, uone mashine yenyewe inaendaje, ndipo uzirudishe kidogo kidogo. Mdogo wangu alirudisha zote kwa mkupuo, mapazia yakarudi kuwa marefu, akanipigia kulalamikia i5 niliyomchagulia. Tukazitoa nusu baada ya nusu mpaka tukaikuta moja iliyopitwa na masasisho. Mashine haikuwa na kosa. Sasa ana kaya ya watu 6 na paka wawili, na kasi ya 3 bado inakimbia.

Na kabla ya kumpa mtu laptopu yako ya zamani, ingia kwenye Documents, kisha Electronic Arts, kisha The Sims 4. Humo kuna folda iitwayo saves na nyingine iitwayo Tray. Zinakili zote mbili kwenye flashi. Ukoo wako unaishi humo.